SOMO: TUNAULIZA NI NYAMA GANI, HATUULIZI IMEFIKA NAMNA GANI

Masomo ya kusoma mbele: Mwanzo 9:1-5, Walawi 22:26-28, Kumbukumbu la Torati 22:1-10, Mezali 12:10, Matendo ya Mitume 15:19-29.

Somo hili lilianzia jikoni. Mbele ya sikukuu ya 12 Oktoba, siku tunayokumbuka kufa kwa Papa Simon Kimbangu hapa hapa mujini mwetu mwaka wa 1951, sisi mashemasi tulitumwa kununua mbuzi watano kwa ajili ya wageni. Tuliwanunua siku mbili mbele ya sikukuu. Tuliwafunga miguu yote kwa kamba, tukawapakia juu ya kinga, vichwa vikining'inia karibu na gurudumu, ndivyo tulivyozoea kuona tangu utoto wetu. Tulipofika tuliwafunga kwenye ukuta nyuma ya jiko. Pale hapana kivuli, na ninyi munajua jua la Oktoba la Lubumbashi wakati mvua bado kunyesha. Siku mbili hawakupata maji, kwa sababu kila shemasi aliwaza kwamba mwenzake ametoa.

Mumoja alikufa usiku. Asubui tulisimama pale tukahesabu feza iliyopotea. Nyama yake haikuliwa, maana munyama aliyekufa mwenyewe hatumuli, Torati yakataza (Kumbukumbu la Torati 14:21). Mutoto mumoja wa masomo ya Siku ya Mungu akauliza: «Papa shemasi, huyu tulimuua juu ya nini, kama hatutamukula?» Hatukuwa na jibu. Tulimufukuza akacheze.

Siku ya sikukuu yenyewe, dada mumoja wa kwaya alikataa nyama. Alikula bukari na sombe tu. Muzee mumoja akasema kwa sauti kwamba yule binti anazarau zawadi ya Mungu. Wengine wakamutetea. Maneno yakawa mingi, hata juma lililofuata wengine hawakusalimiana vizuri. Basi tukaombwa kutafuta katika Maandiko: je, mutu wa Mungu anaweza kula nyama kwa huruma, ao nyama na huruma haviwezi kukaa katika sahani moja?

Tuanze mwanzoni. Katika Mwanzo 1:29-30 Mungu anawapa watu na wanyama majani, mbegu na matunda kuwa chakula. Hakuna damu pale. Ruhusa ya nyama inakuja nyuma ya garika, katika Mwanzo 9:3, na katika mustari unaofuata mara moja Mungu anaweka mupaka: nyama pamoja na uzima wake, maana yake damu, musile. Yafaa tutazame vizuri. Ruhusa ilitolewa pamoja na mupaka, kwa pumzi moja. Munyama anakuwa chakula chetu, lakini uzima wake haukuwa mali yetu hata siku moja. Unarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo Mukristo anayechinja anashika kitu cha mwengine mukononi mwake.

Bwana Yesu mwenyewe alikula samaki mbele ya wanafunzi wake nyuma ya kufufuka (Luka 24:42-43), na katika mufano wake baba anamuchinjia mwana aliyepotea ndama aliyenona. Basi mwenye kusema kula nyama ni zambi, anasema kupita Maandiko. Neno hili tulitaka liwe wazi kwa ajili ya yule muzee, maana katika jambo hili alikuwa na haki.

Lakini hayo si yote. Kanisa letu lina maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Mapendo, Amri na Kazi. Kwa upande wa Amri, sisi sote tunajua: nyama ya nguruwe hapana, nyama ya nyani hapana. Hata mutoto wa miaka mitano akikaribishwa kwa jirani anauliza: ni nyama gani? Ni vizuri. Lakini tunauliza swali lile moja, kisha tunakula. Tumesahau kwamba Torati haiangalii tu aina ya munyama, inaangalia pia namna alivyotendewa.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22. Mustari wa 4: ukiona punda ao ng'ombe wa ndugu yako ameanguka njiani, usijifiche, usaidie kumuinua. Kutoka 23:5 inaenda mbali zaidi, ni punda wa mutu anayekuchukia. Punda hana ugomvi na wewe, muzigo unamuumiza yeye. Mustari wa 6 na wa 7: ukikuta kiota, usitwae mama pamoja na makinda, umuache mama aende. Mustari wa 10: usilime kwa kufunga ng'ombe na punda pamoja. Sababu haikuandikwa, lakini mwenye kujua kazi ya shamba anaona: mumoja ana nguvu kupita mwengine, na nira itamuumiza aliye zaifu. Na Sabato yenyewe, ambayo tunaihesabu kuwa ya watu, ilitolewa pia kusudi ng'ombe na punda wapumzike (Kutoka 23:12).

Tukae kidogo juu ya Walawi 22:28. Pale inakatazwa kuchinja ng'ombe ao kondoo pamoja na mutoto wake siku moja. Tulisoma mustari huu mara nyingi bila kuona kitu. Safari hii tulijiuliza: Muisraeli aliutii namna gani? Alikuwa sokoni, mbele yake wanyama wengi. Hawezi kutii pasipo kumuuliza mwenye kuuza: huyu ana mutoto hapa? Mama yake amechinjwa leo? Sheria ile inamulazimisha mutu kufungua kinywa. Mutu anayenunua kimya kimya hawezi kuishika.

Sasa tuulize, hapa petu.

Muji wetu ulianza mwaka wa 1910, na mwaka ule ule reli ilifika kutoka Rhodesia. Kufuga ng'ombe hapa kulikuwa kugumu kwa sababu ya mbung'o, na nyama ya kulisha wafanyakazi ilitafutwa mbali. Wazee wetu waliofanya kazi Union Minière wanakumbuka poso ya kila juma: unga, nyama ao samaki kavu. Kisha mashamba makubwa ya ng'ombe yalifunguliwa, kama kule juu kwenye uwanda wa Biano. Tangu mwanzo basi nyama ya muji huu ni nyama inayosafiri. Hata leo mbuzi wanatoka Kasai na Lomami, ng'ombe wengine wanatoka Zambia. Ng'ombe anachunga majani miaka mingi katika upepo muzuri, kisha siku zake za mwisho anazipita juu ya kamyo, amesimama amebanwa, hana maji. Tukisema ukweli, mbuzi wa kijiji ameishi vizuri kupita wanyama wengi wa dunia hii. Alitembea, alikula majani, alicheza na wenzake. Ubaya wetu uko katika siku zile za mwisho, na siku zile ziko mikononi mwa watu kama sisi: mwenye kinga, mwenye kamyo, mwenye kununua, shemasi wa jikoni. Kuku ni vile vile. Mama anapita sokoni Kenya ao Katuba, kuku watano wamefungwa miguu, vichwa chini, toka asubui hata jioni. Hatusemi yule mama ni mubaya. Anatafuta feza ya masomo ya watoto. Lakini kapo la miti halina bei kali sana, na kuku angekaa ndani yake ameketi.

Kuna nyama ingine ambayo lazima tuitaje, hata kama wengine watakasirika. Ni nyama ya pori. Kati ya wale wanaojisifu kwamba hawajagusa nyani hata siku moja, wako wanaonunua swala aliyekauka kwa moshi bila kuuliza neno. Nyama ile mara nyingi inatoka katika mitego ya waya. Munyama anaingiza shingo ao muguu, anavuta, waya unakaza. Anaweza kukaa siku mbili, siku tatu. Wakati mwengine muwindaji anarudi anakuta ameoza. Mitume, katika Matendo 15:20 na 29, waliwaomba Wakristo wa mataifa mambo machache tu, na mumoja wao ni kujiepusha na nyama iliyosongwa. Waya ule unasonga shingo, ndugu. Zaidi ya hayo, wanyama wa Upemba, mbuga iliyowekwa mwaka wa 1939, na wa Kundelungu, ya mwaka wa 1970, wanalindwa na sheria ya inchi, na walinzi wa pori wamepoteza maisha katika kazi ile. Juu ya nyama hii sisi hatuna mashaka. Ikataeni.

Wengine wanauliza kama kisu chenyewe si ukatili. Kisu kikali, kinachokata mishipa mikubwa ya shingo mara moja, kinamaliza upesi. Kisu butu kinachosugua ni mateso. Majirani wetu Waislamu wana mafundisho mazuri hapa, na si aibu kujifunza kwao: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya munyama, na munyama asichinjwe mwenzake akitazama. Katika inchi zingine wanamuzimisha munyama kwanza kwa chombo ao kwa umeme ili asisikie. Uswisi iliandika jambo hilo katika katiba yake mwaka wa 1893, kwa kura ya raia. Sisi jikoni mwetu hatuna chombo kile, lakini jiwe la kunolea tunalo. Na yule asiyeguswa na huruma aguswe na faida: munyama aliyechoka na kuogopa sana anamaliza nguvu iliyokuwa katika mwili wake, na nyama yake inakuwa nyeusi, inaharibika upesi. Mapishi ya 12 Oktoba yalituonyesha hilo. Wamama walisema nyama ina harufu, nasi tukasema ni joto.

Turudi kwa yule muzee, maana alileta maandiko mawili, na si mutu wa kusema ovyo. La kwanza ni 1 Wakorinto 10:25: Paulo anawaambia wale kila kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Je, Paulo anafunga kinywa tulichofunguliwa na Walawi? Hapana. Swali la Wakorinto lilikuwa juu ya sanamu. Waliogopa kwamba nyama iliyopita mbele ya sanamu ina uchafu. Paulo anawatoa katika woga ule, kwa maana dunia ni ya Bwana. Woga wa sanamu ndio aliouondoa. Huruma hakuiondoa. Na mustari wa 28 unasema kwamba mutu akikuambia habari ya nyama ile, basi usiile, kwa ajili yake. Maana yake, mutu akiisha kujua, hawezi tena kula kama mutu asiyejua.

Andiko la pili ni gumu zaidi, 1 Wakorinto 9:9. Pale Paulo anataja sheria ya kutomufunga kinywa ng'ombe anayepura ngano, kisha anauliza kama Mungu anashugulika na ng'ombe. Muzee alisema: munaona, sheria ile ilikuwa juu ya wahubiri, si juu ya ng'ombe. Tulilala na andiko hili siku kadhaa. Sisi tunaona hivi: Paulo anapanda kutoka kwa kitu kidogo kwenda kwa kikubwa. Kama ng'ombe anayefanya kazi ana haki ya kula, mutumishi wa Injili zaidi. Ukitoa ngazi ya chini, ya juu inaanguka. Na Bwana Yesu alikwisha kusema katika Luka 12:6 kwamba shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, hata mumoja hasahauliwi mbele ya Mungu. Mungu anayehesabu shomoro hawezi kusahau ng'ombe. Muzee hakukubali yote, lakini alisema atafikiri.

Inabaki kuku wa barafu. Hapa mashaka yetu ni makubwa. Ndiye nyama ya wengi wetu leo, kwa sababu bei yake ni ndogo kupita kuku wa kijiji. Kuku yule anakuzwa kwa upesi sana. Karibu wiki sita amefikia kisu, wakati jogoo wa nyumbani katika umri ule ni kifaranga tu. Amekaa na maelfu ya wenzake katika nyumba moja, mwili unakua mbio kupita miguu. Kwa kuku wa mayai, Umoja wa Ulaya ulikataza tangu mwaka wa 2012 vile vizimba vitupu ambamo kuku hawezi hata kunyoosha bawa, maana yake wenyewe waliona kwamba hawakutenda vizuri. Mulawi aliweza kumuuliza mwenye kuuza. Sisi tutamuuliza nani? Mwenye frigo hajui. Karatasi ya sanduku haisemi. Lakini tutamwambia nini mama mwenye watoto saba, anayepata nyama mara moja kwa mwezi, kwamba aache mapaja yale mawili ya kuku? Hatuwezi. Maneno ya namna hiyo yanamufaa zaidi yule anayekula nyama asubui na jioni na kutupa mifupa ikiwa bado na nyama. Sisi wenyewe hatujapata jibu lililo sawasawa, na tunawaachia vikundi vya masomo wafikiri pamoja.

Kuna neno lingine tulilosikia mara nyingi: watu wanakufa katika vita ya mashariki, watoto wanalala njaa hapa hapa Ruashi, na ninyi munalilia mbuzi. Ni neno zito. Hatusemi mutu na mbuzi ni sawa. Bwana alisema watu ni bora kupita shomoro wengi. Lakini Mungu, alipoihurumia Ninawi, alimutajia Yona watu zaidi ya 120.000, kisha akaongeza: na wanyama wengi (Yona 4:11). Huruma yake haikupunguka kwa sababu ilienea. Tena sisi, kati ya watu wote, tunajua kamba ni nini. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa, na juu yake viboko 120. Hukumu ya kufa ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku Elisabethville, akakaa gerezani hata kufa kwake, miaka makumi tatu. Ile fimbo ya wakati wa Wabelgiji ilikatwa katika ngozi ya kiboko: munyama aliuawa ili wazee wetu wapigwe. Na wenye kuishika walikuwa na neno moja la kutuliza roho zao, kwamba hawa hawasikii uchungu kama sisi. Mwaka huu, wakati kinga zilipotetemeka njiani na mbuzi wakalia, mumoja wetu alisema: «Hawa wamezoea.» Tulicheka.

Juu ya dada wa kwaya: Warumi 14:3 inakataza pande zote mbili. Anayekula asimuzarau asiyekula, na asiyekula asimuhukumu anayekula. Danieli alikula mboga siku kumi na uso wake ulikuwa muzuri. Basi tunaomba asifanyiwe kelele tena mezani, naye asiwatazame wenzake kama wauaji. Ametuambia kwamba hana mupango wa kuacha nyama kwa siku zote. Hakuweza tu kula wale.

Mukutano wa mashemasi na wamama wa jiko umekubali mambo haya kwa sikukuu ya 6 Aprili, ambayo tangu mwaka wa 2023 inchi nzima inapumzika. Tutanunua mbuzi watatu, si watano, na maharagi yataongezwa. Tutamuuliza mwenye kuuza kama jike ana mimba ao ananyonyesha, na tukikuta hivyo hatumuchukui. Hawatapakiwa tena juu ya kinga. Tutakodi kamyo ndogo, wasimame juu ya majani. Hii ina garama, na tunaomba nsinsani ya mwezi huu isaidie. Watafika asubui ya siku ya kuamkia sikukuu, si mbele, na watafungwa chini ya muembe, kamba ndefu, ndoo ya maji karibu. Kisu kitanolewa mbali nao. Kila mumoja atachinjwa peke yake, nyuma ya ukuta, na mutu anayejua kazi, na watoto hawatakuwa pale kucheza. Muchinjaji ataomba kwanza, damu itamwangwa katika udongo na kufunikwa, kama Walawi 17:13 inavyoagiza juu ya munyama wa kuwinda.

Wamama waliuliza nani atachunga maji, kwa sababu safari iliyopita wote walikuwa wachungaji na hakuna aliyechunga. Jina limeandikwa mulangoni mwa jiko, zamu kwa zamu. Zamu ya kwanza tumeichukua sisi tulioandika somo hili.